Mont-Saint-Michel: tazama mwezi kwanza, ndipo ukate tiketi

Mara ya kwanza nilikwenda Mont-Saint-Michel, kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa, kwa kufuata likizo ya kazini. Ilikuwa katikati ya Agosti. Tuliendesha gari kutoka Brussels tangu alfajiri, tukafika saa sita mchana na watoto wawili wamechoka. Nilikuwa nimeiona picha ile ambayo kila mtu ameiona: mlima mdogo wa mawe, abasia (makao ya watawa) juu yake, mnara mwembamba wenye sanamu ya malaika, na maji pande zote. Karatasi ya ratiba ya maji niliyopewa kwenye maegesho ilisema bahari itakuwa imejaa saa nane mchana. Saa nane ikafika nikiwa juu ya ukuta, na mbele yangu palikuwa na mchanga mtupu wa kijivu hadi upeo wa macho. Nyuma yangu, katika kile kichochoro cha chini, watu walikuwa wamebanana hata mwanangu mdogo akaanza kulia kwa kukosa hewa. Abasia hatukuingia, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na sikuwa nimekata tiketi mapema.

Usiku ule nilimpigia simu Mama, kijijini Jambiani, Unguja. Mama amelima mwani miaka mingi, na maisha yake yote yamekwenda kwa maji kujaa na kupwa. Nilipomweleza nilivyosikitika, hakuuliza habari za umati. Aliuliza siku ya mwezi wa angani: "Mwezi ngapi leo, mwanangu?" Nilipotazama na kumjibu, akasema, "Sasa ulitarajia nini? Hayo maji mafu." Yaani zile siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu.

Ushauri wangu wote umetoka kwenye jibu hilo, kwa sababu kila ninayemsikia akirudi kutoka huko akilalamika, kosa lake ni lile lile langu.

Ghuba ile ni miongoni mwa sehemu za Ulaya ambako bahari hupanda na kushuka zaidi. Kwetu Unguja, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita nne. Kule katika bamvua kubwa hukaribia mita 14 na zaidi, na kwa kuwa ardhi ya ghuba ni tambarare, bahari hurudi nyuma kilomita nyingi. Siku za maji mafu haiufikii hata mguu wa mlima. Wafaransa huipa kila maji kujaa namba ya nguvu yake, kuanzia 20 hadi 120, na namba hiyo utaikuta kwenye ratiba ya ofisi ya utalii, kando ya saa. Saa peke yake haikusaidii chochote. Ikiwa namba ni 40, kaa ukijua utaona mchanga. Ikizidi 110, mlima unakuwa kisiwa. Bamvua hizo kubwa hufuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu kwa siku moja au mbili, na zile kubwa kabisa huja karibu na Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana.

Kuna jambo lingine ambalo Mama alilitambua kabla yangu. Mahali pamoja, bamvua huja saa zile zile. Kwetu upande wa mashariki maji ya bamvua huwa yamekwenda mbali kabisa kwenye saa nne asubuhi, ndiyo maana kinamama wa mwani hufanya kazi saa hizo. Mont-Saint-Michel maji ya bamvua hujaa kama saa mbili asubuhi na tena kama saa mbili usiku, na katikati, alasiri, ghuba ni kavu. Maji mafu ndiyo yanayojaa mchana. Kwa hiyo mtu anayefika mchana na kuondoka jioni, kama nilivyofanya mimi, hata akija siku nzuri ya mwaka hataiona bahari imejaa.

Umati nao una kujaa na kupwa kwake. Watu karibu milioni tatu hufika kila mwaka kwenye kijiji chenye wakazi wachache mno, na wengi wao huingia kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, kisha mabasi yao huondoka. Ukiziweka ratiba hizi mbili pamoja utaona siku ya bamvua ilivyo rafiki: maji yanakuja wakati watu hawapo.

Mwaka uliofuata Mama alipokuja kututembelea tulikwenda mwisho wa Septemba, siku mbili baada ya mwezi mpevu, naye ndiye aliyechagua siku. Safari hii tulipanda treni: Paris Montparnasse hadi Rennes ni kama saa moja na nusu, halafu basi la saa moja na kidogo linalokushusha karibu na maegesho. Pengine nitawaudhi wapenda magari, lakini kwa watu wawili treni ni raha zaidi.

Lala usiku mmoja, hilo sitalipunguza. Vyumba vya ndani ya kuta ni vichache na bei zake ni kali. Sisi tulilala upande wa bara, karibu na maegesho, na wenye bajeti ndogo hulala Pontorson, kilomita tisa hivi kutoka hapo. Kutoka maegesho hadi mlimani ni karibu kilomita mbili na nusu. Kuna basi la bure, lakini kama miguu inaruhusu, tembea juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2014. Zamani palikuwa na tuta la barabara lililojengwa mwaka 1879, nalo lilizuia maji, mchanga ukawa unajikusanya mwaka hadi mwaka na mlima ukakaribia kuwa sehemu ya bara. Tuta likaondolewa, likawekwa daraja la nguzo nyembamba linaloacha maji yapite chini, na kwenye mto Couesnon likajengwa lango linalozuia maji na kuyaachia kwa nguvu ili yasukume mchanga kurudi baharini. Mama alisimama muda mrefu akitazama zile nguzo. Alisema watu waliofikiria hivyo wanaijua bahari.

Asubuhi fika abasia milango inapofunguliwa, na tiketi ya saa ile ya kwanza uwe umeikata kwenye intaneti. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, kuingia ni bure, ila baridi ni ya kweli. Ukipita lango la kijiji usifuate wimbi la watu kwenye kile kichochoro cha maduka. Tafuta ngazi za kupanda kwenye kuta za ulinzi na uende kwa juu. Ngazi hadi juu ni kama 350. Kigari cha mtoto kiache. Mtoto mchanga mbebe mgongoni kwa kanga, na begi kubwa usije nalo.

Ndani, usikimbie. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 708 Malaika Mikaeli, yule ambaye sisi Waislamu tunamwita Mikaili, alimtokea Askofu Aubert wa Avranches na kumwagiza ajenge hapo. Mwaka 966 wakaja watawa wa Kibenediktini, shirika lile lile lenye abasia za Peramiho na Ndanda kwetu Tanzania. Kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1023 juu ya ncha ya mwamba, na kwa kuwa ncha haikutosha, wakazungushia vyumba vya chini vya kulibeba. Mawe mengi yaliletwa kwa vyombo kutoka visiwa vya Chausey, vikisubiri maji kujaa ili vifike. Kisha katika karne ya 13 likaongezwa jengo la ghorofa tatu wanaloliita La Merveille, yaani Ajabu. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa abasia ikawa jela hadi mwaka 1863, na gurudumu kubwa la mbao ambalo wafungwa walilizungusha kwa kutembea ndani yake, ili kuvuta mizigo kutoka chini, bado unaliona.

Lakini kama una dakika 20 tu, zipeleke kwenye ukumbi wa kulia chakula wa watawa. Ukisimama mlangoni unaona kuta mbili ndefu za mawe, madirisha huyaoni, na bado ukumbi mzima umejaa mwanga laini. Ukipiga hatua kadhaa, madirisha yanaanza kujitokeza moja baada ya jingine, membamba, yamefichwa katikati ya nguzo. Sisi tulikuwa na watu wanne tu mle ndani. Saa tano nilipita tena mlangoni, watu walikuwa wamesimama bega kwa bega na hakuna aliyeweza kusimama mahali pa kuuona ule mwanga.

Watawa wa kiume na wa kike wanaishi na kusali hapo hadi leo, kwa hiyo vaa kwa heshima na punguza sauti. Mama na mtandio wake hakuna aliyemtazama vibaya. Mtawa mmoja alimpa mkono na kumsogezea kiti.

Saa tano umati ukianza kupanda, wewe shuka utoke. Kula upande wa bara. Kome wa ghuba ile ni wadogo na watamu sana, lakini mara nyingi hupikwa kwa divai, basi kwa asiyetumia ni lazima aulize kabla. Mikate myembamba ya ngano nyeusi huagizwa kwa yai na jibini. Sema mapema "sans jambon" wasikuwekee nyama ya nguruwe. Kondoo unaowaona wakila majani yenye chumvi ukingoni mwa ghuba nyama yao inasifiwa kote Ufaransa.

Alasiri ndiyo saa ya kwenda mchangani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiende peke yako, hata kama unaona wengine wanatembea. Watu husema maji ya kule huja kwa mbio za farasi. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea upesi, ila hayaji mbele yako tu. Huingia kwanza kwenye mifereji, yakakuzunguka nyuma ukiwa bado umesimama pakavu. Na upo mchanga unaozamisha. Weka nafasi na mwongozaji mwenye kibali. Njia ndefu huanzia Bec d'Andaine na kupita karibu na kisiwa cha Tombelaine. Sisi tulichukua ile fupi ya kuuzunguka mlima, miguu mitupu. Mwongozaji alikanyagakanyaga mahali pamoja hadi mchanga ukaanza kutikisika kama uji mzito, akazama hadi magotini, kisha akatuonyesha jinsi ya kulegeza mguu mmoja na kuutoa polepole bila kupapatika. Mama aliniambia niulize maji yatarudi saa ngapi. Kabla sijatafsiri, akaongeza: "Jana yalijaa saa mbili. Leo yatajaa saa mbili na dakika arobaini." Mwongozaji akafungua kijitabu chake. Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na nane. Akaomba nimuulize Mama anatoka bahari gani.

Jioni panda kwenye kuta za ulinzi masaa mawili kamili kabla ya maji kujaa, usisubiri saa iliyoandikwa. Sisi tulikuwa pale kabla jua halijazama, maduka yanafungwa, na watu tuliokuwa ukutani hatukufika 30. Mwanzo palikuwa na mstari mweupe tu mbali. Ndege waliokuwa mchangani wakaruka kwa pamoja. Kisha tukaisikia, sauti ya chini kama mvua inayokuja juu ya makuti, na maji yakaingia mtoni yakipanda kinyume cha mkondo. Ndani ya muda mfupi mchanga tuliokuwa tumeutembea mchana ulikuwa umetoweka. Ile namba ikiwa kubwa kabisa, kipande cha mwisho cha njia mbele ya lango hufunikwa, na aliye ndani husubiri hadi maji yaanze kutoka. Usiku ule tulisubiri. Mama aliswali Isha pembeni ya ukuta, juu ya kanga yangu, na alipomaliza tulikaa tukiangalia taa za daraja zikiakisi majini hadi mlinzi alipotuashiria kwamba njia imefunguka.

Chukua koti zito, hata Septemba.