Mapato ya fundi hupanda na kushuka: mchango wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya umma Kenya) huhesabiwaje?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani sokoni Gikomba. Januari, msimu wa sare za shule, hubaki na shilingi 40,000, lakini kufikia Aprili hata 10,000 sifikishi. Mchango wa familia yangu wa SHA huhesabiwa kwa mwezi upi?
Mama Watatu, Nairobi

JIBU: Dada yangu, hauhesabiwi kwa mwezi mmoja. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, ilhali kaya isiyo na mshahara hutozwa asilimia iyo hiyo ya mapato inayokadiriwa kuwa nayo, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Makadirio hayo hutokana na maswali kuhusu kuta na paa la nyumba, choo, maji na mnachopikia. Kwa hiyo mpangaji wa nyumba ya mawe anaweza kupandishiwa mchango hata cherehani ikiwa imenyamaza, jambo ambalo kwangu ni dhuluma.

Weka daftari. Jumlisha mapato ya miezi 12, toa gharama za vitambaa, uzi na kodi ya kibanda, kisha ugawe kwa 12. Ukipata 20,000, mchango ni 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka. Ukitozwa zaidi sana ya hapo, nenda na daftari hilo kwenye ofisi ya SHA, uombe kaya yenu ipimwe upya. Fedha zenyewe zitenge Januari, sare zikiuzika, kwa kuwa mchango ukikatika bima nayo husimama.