Jiwe la visiwa vya kale hujulikanaje?

SWALI: Ngazidja ina volkano ya Karthala, na kusini mwa Japani kuna visiwa vya volkano vilivyojipanga mstari. Je, asili yao ni moja? Na jiwe la kale likiokotwa nchi kavu, mtaalamu hujuaje kwamba lilizaliwa kwenye visiwa vya namna hiyo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Asili si moja. Chini ya Komoro hakuna bamba (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linalozama. Huko Izu-Bonin, visiwa ulivyovitaja vya kusini mwa Japani, bamba la Pasifiki huzama chini ya lile la Bahari ya Ufilipino. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya madini yake hutoka na kupanda kwenye mantili (tabaka la mawe moto lililo chini ya ganda la dunia), yakashusha kiwango chake cha kuyeyuka. Wengi hudhani bamba lenyewe ndilo linaloyeyuka. Kwa kawaida sivyo.

Maji hayo hubeba elementi za bari, stronti na risasi, lakini elementi ya niobi huiacha. Kwa hiyo lava za Izu-Bonin zina niobi haba, ilhali za Karthala zina niobi tele.

Kuzama kwa bamba huko Izu-Bonin kulianza miaka milioni 52 hivi iliyopita. Kwanza zilitoka basalti (lava nyeusi) zinazokaribiana na za sakafu ya bahari, kisha boniniti, lava yenye silika zaidi ya 52%, oksidi ya magnesi zaidi ya 8%, ya titani chini ya 0.5%. Mfuatano unaofanana na huo, basalti chini na boniniti juu, umo katika mawe ya Semail, kwenye milima ya Hajar, Oman, yenye umri wa miaka milioni 96 hivi.

Makosa huanzia kwenye sampuli. Maji moto ya bahari huhamisha bari, stronti na potasi, basi katika jiwe la kale usiyaamini. Tumia titani, vanadi, thori na niobi. Zidisha asilimia ya oksidi ya titani kwa 6,000, ugawe kwa vanadi (sehemu kwa milioni): 10 hadi 20 huelekea visiwa vya aina ya Izu-Bonin, 20 hadi 50 sakafu ya bahari. Kata tabaka la nje la jiwe lililooza, acha vipande vyenye matundu yaliyojaa kalsaiti (madini ya chokaa), wala usisage kwa kinu cha kabidi ya tungsteni. Kinu hicho huchafua unga wa jiwe kwa elementi ya tantali, na niobi kidogo.

Tena, basalti iliyopenya ganda la bara nayo huonyesha niobi haba. Kwa hiyo jiwe moja la kuokota halitoshi. Leta sampuli za tabaka zote, kuanzia chini hadi juu.