Kwa nini wote wamejibu "Nakubali"?

SWALI: Nasomea saikolojia hapa Mbale, Uganda. Niliwapa waendesha bodaboda 60 hojaji ya kauli 20 kuhusu msongo wa mawazo, na mwenyekiti wa steji akanisaidia kuwakusanya. Wengi wametia tiki kwenye "Nakubali" toka juu hadi chini. Tena hakuna hata mmoja aliyekiri kunywa pombe kabla ya kuendesha. Nifanyeje?

JIBU: Majibu ya swali la pombe usiyatumie. Ulichopima hapo ni woga. Nani atakiri kosa mbele ya mwenyekiti anayeweza kumwondoa steji? Mshukuru kwa kukutambulisha, kisha mwombe aende zake. Mhoji kila mtu peke yake, karatasi isiwe na jina wala namba ya pikipiki.

Kwa swali zito kama hilo iko pia mbinu ya sarafu, iliyotokana na wazo la mtafiti Stanley Warner la mwaka 1965. Mhojiwa anarusha sarafu ya shilingi 500 bila wewe kuona. Ukitoka upande wenye picha ya ndege, anasema "ndiyo" hata kama hanywi. Ukitoka upande wa nembo ya taifa, anasema kweli. Kati ya watu 200, takriban 100 watasema ndiyo kwa sababu ya sarafu tu. Ukipata ndiyo 140, zile 40 za ziada ni za wale 100 waliopata nembo: asilimia 40. Kwa watu wako 60 makisio yatayumba mno. Afadhali kikaratasi kinachotumbukizwa kwenye boksi lililofungwa, ingawa hapo hutaweza kukilinganisha na majibu mengine ya mtu huyo.

Sasa zile "Nakubali". Mtu aliyechoka, au anayetaka kumridhisha mgeni, hukubali kila kauli. Acha kauli, uliza mara ngapi: "Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi siku ngapi?" Majibu yawe manne: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Wiki mbili zipe alama anayoikumbuka, kwa mfano tangu shule zilipofunguliwa.

Ukilazimika kubaki na kauli, geuza nusu yake: "Nalala vizuri" dhidi ya "Nakosa usingizi". Usigeuze kwa kuongeza "si". Kauli ikisomwa kwa sauti, kikanushi hupotea. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, alama ya kauli iliyogeuzwa ni 6 kutoa jibu. Wengi husahau hatua hii, halafu wanashangaa alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi kauli zinavyoafikiana, ikianguka.

Ukiitafsiri hojaji kwa Kigisu, lugha ya huko Mbale, tafsiri hiyo irudishwe Kiingereza na mtu ambaye hajaona ile ya Kiingereza ya awali. Kisha jaribu kwa watu sita wa steji nyingine, ukiwauliza: "Hili umelielewaje?" Hapo ndipo maswali mabovu hujitokeza.

Mabadiliko haya yapitishwe kwanza na kamati ya maadili iliyokupa kibali. Karatasi za zamani zitunze, uzitaje kwenye ripoti kama jaribio, wala usizichanganye na mpya.