Jibu: Risasi za kujazia nyumbani na joto la jangwani

Waaleikum salaam kaka. Umeuliza kwa nini risasi alizojaza mpwa wako wakati wa baridi huko Arizona, Marekani, zinafanya bolti ya bunduki (chuma kinachofunga risasi ndani) ikaze joto likipanda. (Huku Kenya uwindaji ni marufuku tangu 1977, basi haya ni ya huko huko.)

Ni shinikizo la gesi ndani ya bunduki. Baruti nyingi zikipata joto huungua kwa kasi zaidi, na kipimo cha baruti kilichokuwa karibu na kiwango cha juu cha kitabu cha kujazia risasi huvuka mpaka wa usalama. Akague maganda: fataki (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda) iliyobapa kabisa, au alama inayong'aa kitakoni, ni onyo tosha. Zilizobaki asizifyatue, azifungue na kutoa baruti. Aanze upya asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, apande kidogo kidogo, akijaribu katika joto lile lile la kuwindia kulungu.

Apime na urefu wa ganda. La .270 Winchester (aina ya risasi ya kuwindia) lisizidi milimita 64.5, likizidi, shingo ya ganda hubana kichwa cha risasi na dalili huwa zile zile.

Tafadhali asiziache kwenye dashibodi! Gari lililofungwa juani, hata hapa Likoni kwenye foleni ya feri, ni tanuri. Na mtutu ukishapata moto, risasi isikae ndani ikingoja.