Fundi wa gari Dar: waulize madereva teksi

Dada, umeuliza utampata wapi fundi asiyekubambika bei. Anza na madereva teksi wenye gari kama lako. Gari likilala gereji hawapati hesabu ya kumpelekea bosi, kwa hiyo fundi mbabaishaji wanamkimbia mapema sana. Mara ya kwanza mpe kazi ndogo, kama kubadilisha oili na filta, umwone anavyofanya. Kubalianeni pesa ya ufundi kabla hajashika spana, vipuri kanunue mwenyewe Kariakoo ukiwa na namba ya chesesi (ile inayotambulisha gari lako), na uulize bei maduka kadhaa. Kifaa cha zamani dai urudishiwe. Taa ya injini ikiwaka, gari lipimwe kwa mashine kwanza. Anayebadilisha sensa (vifaa vinavyopima hali ya injini) kwa kubahatisha, achana naye.