Jibu: Beetle 1600 yenye kabureta ya Solex 34 PICT-3 inazima kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta)

Mkuu, skrubu ya mkono wa aksileta uliyoikaza ili gari lisizime si ya sailensi kabisa. Ilegeze hadi iache kugusa ngazi (kipande chenye vidato cha choki), irudishe iguse tu, kisha kaza robo mzunguko, basi. Taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iwe sawa, injini iwe moto, choki imefunguka yote. Skrubu ndogo ya ubavuni mwa kabureta ifunge taratibu (ukilazimisha, ncha inaharibika), halafu fungua mizunguko 2 na nusu. Kwa skrubu kubwa ya ubavuni weka mizunguko 850 ya injini kwa dakika. Rudi kwenye ndogo, tafuta kasi ya juu kabisa, funga kidogo ishuke 20 hadi 30, kisha rudisha 850 kwa kubwa. Ikigoma, pima volti 12 kwenye solenoidi (vali ya umeme ya kabureta); bila umeme huo petroli ya sailensi haipiti.