Ukibaki na mtungi mmoja wa oksijeni

Mtoto wa kaka yangu ni muuguzi kwenye hospitali moja kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya. Mwezi wa sita alinipigia usiku, hapa Mafinga baridi imekaza, nikajua si salamu. "Baba mdogo, basi limepinduka. Mahututi wanne, mtungi umebaki mmoja. Nimempa aliyeingia wa kwanza."

Kosa hilo nalijua, nimewahi kulifanya. Nilikuwa muuguzi wa jeshi, na miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye hospitali ya mahema nje ya nchi. Siku yangu ya kwanza ya majeruhi wengi, mashine pekee ya kupumulia nilimwekea afisa aliyetangulia kufikishwa. Alikuwa na jeraha la kichwa, mboni zote mbili zimetanuka na hazishtuki kwa mwanga, dalili kwamba matumaini ni madogo sana. Dakika arobaini baadaye wakaleta kijana mwenye jeraha la kifua, aliyehitaji mashine ile kwa saa chache tu. Kilichofuata sitakisimulia.

Watu hudhani hospitali ya jeshi ina kila kitu. Ile ya daraja la pili kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa hupangwa kwa operesheni 3 au 4 kwa siku, na kulaza wagonjwa 10 hadi 20. Gari moja likikanyaga bomu, mmeshazidiwa.

Kwa hiyo usiulize nani ana hali mbaya kuliko wote. Uliza nani atavuka usiku huu kwa sababu ya kifaa hiki, na bila hicho havuki. Cheo kiache mlangoni. Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, alikuwa akitibu kwa kuangalia jeraha, si nyota za begani, na Mkataba wa Geneva wa 1949 unasema ni dharura ya kitabibu pekee inayompa mtu kipaumbele, hata akiwa adui. Kusema hivyo ni rahisi. Kumwambia afande anayefoka kwenye redio ni kazi nyingine, ndiyo maana nasisitiza utaratibu uandikwe siku ya utulivu, na anayeamua ajulikane kwa jina. Huyo akae mlangoni, asishike mgonjwa hata mmoja. Ukishamshika mtu mkono, huwezi tena kumpima na wenzake.

Halafu piga hesabu. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa saa 11 hivi. Kwa lita 5 unafika 22. Nimekuta wagonjwa wanasoma 99 kwa mia kwenye kipimo cha kidole, kile cha oksijeni ya damu, yaani inawatosha, na bado wamefunguliwa lita 10, kisa hakuna aliyerudi kuwaangalia! Punguza taratibu huku ukitazama kipimo. Na mgao si wa mara moja: andika saa kwenye kadi, rudi, pima upya. Mwenye kadi ya njano, anayeweza kusubiri kidogo, anaweza kuwa wa nyekundu, asiyeweza kusubiri, ukiwa unanawa mikono. Gari la rufaa nalo liite mapema, maana kitanda kinachopatikana haraka ni kile ambacho mgonjwa wake ameshaondoka.

Aliyepewa kadi nyeusi, yaani asiyetarajiwa kupona, hatelekezwi. Apewe dawa ya maumivu, afunikwe, mtu akae naye, hata kama ni mfagizi. Naye apimwe tena mambo yakitulia, wapo waliotushangaza.

Haya yote sikumwambia binti usiku ule. Nilimwuliza tu: yule wa kwanza anasoma ngapi? Akaenda, akarudi. "Tisini na nane, baba mdogo. Anaongea."

Saa kumi na moja alfajiri alipiga tena. Mtungi alikuwa ameuhamishia kwa mama mmoja aliyevunjika mbavu, na yule wa kwanza ameshamrudia mara tatu kumpima. Nikamwuliza umebaki kiasi gani.

"Robo. Na gari la rufaa limefika."